Binti Mwenye Adabu Anatafutwa

Mwezi Desemba nilikwenda kijijini kwetu, wilayani Mufindi, mkoani Iringa, kwenye sherehe ya kipaimara ya binti wa kaka yangu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ukungu ulikuwa haujainuka hata saa nne, na turubai lililofungwa mbele ya nyumba lilikuwa limeanza kutuna maji katikati, ikabidi vijana walisukume kwa mpini wa jembe kila baada ya muda. Baada ya ibada na chakula ukafika wakati wa kutunza. Mshereheshaji aliwaita watu kwa makundi: upande wa baba, upande wa mama, majirani, kwaya. Binti alisimama mbele na gauni lake jeupe, na kila alipopewa kitu alipiga goti kushukuru, hata gauni likaingia udongo mwekundu sehemu ya magoti.

Pembeni yake alisimama binamu yake wa kiume, ambaye naye alibarikiwa siku hiyo hiyo. Watu walipomaliza kupita nilizitazama meza zao mbili. Ya binti ilijaa mabeseni, ndoo, seti ya sufuria, khanga na chupa ya chai. Ya kijana ilikuwa na begi la shule, madaftari, viatu vyeusi na kikokotoo. Wote wawili walikuwa wamemaliza darasa la saba mwaka huo, na wote wawili walikuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika sekondari ya kata.

Hilo peke yake nisingeliandikia makala, kwa kuwa sote tumeshaliona. Kilichonisumbua kilitokea baadaye kidogo, mshereheshaji alipomwita binti wa jirani aliyekuja likizo ya Krismasi kutoka Dar es Salaam, anakofanya kazi za ndani. Alikuwa na rasta ndefu zilizosukwa vizuri na simu kubwa mkononi. Alitoa bahasha, na kabla hajarudi kwenye kiti mshereheshaji akawatangazia watu kwamba huyo ndiye aliyeiezeka nyumba ya mama yake kwa bati. Vigelegele vilivyopigwa pale viliwazidi hata wale waliobarikiwa.

Muziki ulipoanza, mama mmoja mgeni, aliyekuja na ndugu wa upande wa mama, alimwinamia wifi yangu akamwambia: "Huyu mwanao ana adabu sana. Kuna mtu kule mjini anatafuta binti mwenye adabu. Ungenipa tu nikaondoka naye."

Wifi yangu alicheka. Hakukubali, na hakukataa.

Binti alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika jagi la maji ya kunawa.

Lawama tulizozizoea

Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza kwa makini namna tunavyowazungumzia wasichana wa rika lake. Kanisani, kwenye vikao vya wazazi na kwenye daladala, orodha ya wakosaji haibadiliki: utandawazi, simu, makundi mabaya, tamaa, na ile sahani maarufu ya chipsi mayai, ambayo kwa jinsi inavyosingiziwa ingekuwa mtu ingeshafungwa siku nyingi.

Sisemi kwamba simu haina nguvu. Binti wa miaka 14 aliyeko Mufindi leo anaona kila jioni nyuso zilizong'arishwa, nguo, magari na vyumba vyenye taa za rangi, na anajilinganisha na watu asiowajua. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniambia kwamba katika kundi lao la WhatsApp asiyetuma picha mpya huulizwa kama bado yuko shambani, na kwamba yeye hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, mtu ambaye hakutaka kumtaja. Krimu za kujichubua zimeshafika kwenye maduka ya vijijini, zikiwa zimepangwa jirani kabisa na chumvi na viberiti. Shinikizo la kutoonekana mshamba ni la kweli, na linauma zaidi katika umri ambao neno moja la mwenzako linaweza kukukosesha usingizi.

Lakini simu haikuwepo mikononi mwa mpwa wangu siku ile. Hana simu. Alichokiona alikiona kwa macho yake, chini ya turubai la baba yake, kikiwa kimepangwa na kushangiliwa na watu wazima anaowaheshimu kuliko wote.

Mkonge, kisha bati

Kumsifu anayerudi kutoka mbali na kitu mkononi ni jambo la zamani huku kwetu. Babu zetu wengi wa nyanda hizi, Wahehe na hasa Wabena wa Njombe, walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro enzi za ukoloni. Aliyerudi na blanketi na baiskeli alioa. Aliyerudi mikono mitupu alisemwa. Ukoo wetu una mzee ambaye hadithi yake ya mkonge ilisimuliwa kila msiba, na sikumbuki hata mara moja ambapo mtu alimuuliza alilala wapi au aliugua nini huko.

Tofauti ni kwamba wale walikuwa wanaume waliokomaa, na walikwenda kwa makundi. Siku hizi anayetumwa mara nyingi ni msichana, na huenda peke yake, kwenye nyumba ya mtu ambaye wazazi wake hawajawahi kumwona. Nchi nzima inajua kwamba dada wa kazi anayesifiwa ni wa kutoka Iringa. Watu husema hivyo kwa upendo kabisa: ni wachapakazi, ni wasikivu, hawana majibu. Nimesoma chuo na watu wa mikoa mingine, na kila nilipotaja ninakotoka kulikuwa na mtu aliyetabasamu na kusema kwamba wao nyumbani walilelewa na dada wa Iringa.

Nilizoea kuitikia kwa kicheko, lakini sasa najiuliza sifa hiyo inasema nini kuhusu malezi yetu. Maana usikivu huo haukuota wenyewe. Tumeupanda sisi, kwa miaka, kwa kumfundisha mtoto wa kike kwamba mkubwa akiita anaitikia kabla hajajua anaitiwa nini, kwamba anapiga magoti kusalimia, kwamba akitumwa na jirani au na mgeni haulizi, na kwamba jibu la "hapana" halimo kabisa katika maneno anayoweza kumwambia mtu mzima. Kaka zake hufundishwa adabu pia, lakini wao huruhusiwa kuiacha wakikua.

Wanaomtisha matroni

Nilimtembelea mwalimu ninayemfahamu, ambaye ni matroni katika sekondari moja ya kata, nikitarajia kwamba angenieleza habari za wasichana watundu. Nilimkuta akihesabu magunia ya mahindi yaliyoletwa na wazazi kwa ajili ya hosteli. Aliendelea kuhesabu huku akinijibu.

"Watundu nawajua kwa majina," alisema. "Akitoroka namfuata, tunagombana, anarudi. Wananitisha wale watiifu."

Nilimwomba afafanue. Alinieleza juu ya wale wanaopanga mageto. Sekondari za kata nyingi huku ziko mbali na vitongoji, milima na mabonde yanafanya safari ya kilomita saba iwe ya saa mbili, na pale ambapo hosteli haitoshi mzazi humpangia binti chumba karibu na shule. Niliwahi kuingia katika chumba kama hicho. Godoro lilikuwa chini, juu ya mfuko wa mbolea uliopasuliwa na kutandikwa; ukutani sare imening'inizwa kwenye msumari; pembeni jiko la mkaa, sufuria moja, unga wa kutoka nyumbani kwenye ndoo, na maharage yaliyobaki vikombe viwili vitatu hivi. Mlango ulifungwa kwa kufuli dogo la mtindo wa sanduku. Mwenye chumba alikuwa na miaka 15.

Matroni alisema kwamba mtu anayegonga mlango ule usiku ni nadra kuwa mgeni. Ni mwenye nyumba, au kijana wa bodaboda ambaye mzazi mwenyewe alimwomba awe anamchukua binti wakati wa mvua, au fundi anayemwita baba yake mjomba. Ni watu wazima, na binti amefundishwa namna moja tu ya kuzungumza na watu wazima.

"Nikiwauliza kwa nini hukupiga kelele, wanasema niliona aibu, ni mtu mkubwa," alisema, akaandika idadi ya magunia kwenye daftari.

Niliondoka pale nikiwa nimebadilika mawazo. Nilikuwa nimeingia na swali la tamaa, lile tunalolirudia wote: kwa nini wasichana wa siku hizi wanataka vitu vingi? Lifti ya bodaboda wakati wa mvua ya masika, kwa mtoto anayetembea saa mbili na madaftari yake kwenye mfuko wa plastiki, siioni tena kuwa tamaa. Unga unaoisha kabla ya mwisho wa mwezi pia si tamaa. Na hata pale ambapo tamaa ipo, kama ilivyo kwa kila mtu, binti anahitaji kitu cha kuizuia, na sisi tumemnyang'anya kitu hicho tukakiita ujeuri.

Takwimu na ukimya

Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshapata mimba angalau mara moja. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wazima kitaifa, wakati Njombe yalikuwa asilimia 12.7 na Iringa asilimia 11.1. Kwa hiyo mabinti wetu hawakulii mahali ambapo kosa la usiku mmoja ni dogo.

Sheria kwa upande wake hazijalala. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Mwaka huo huo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 na hata 14, vinakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito anaweza kurudi katika mfumo rasmi wa shule.

Ila kila mtu aliyekaa kijijini anajua namna miaka 30 inavyoyeyuka. Wazee wa pande mbili hukaa, fedha au ng'ombe hutajwa, na binti huambiwa kwamba akiulizwa polisi aseme hamjui mhusika, au amtaje kijana aliyeshahamia mkoa mwingine. Naye husema hivyo hivyo, kwa kuwa ana adabu. Kesi inakufa kwa utiifu wa shahidi wake mkuu.

Kuna utiifu mwingine unaofanana na huo, wa mtoto anayeagizwa na mzazi wake ajaze majibu ya uongo katika mtihani wa darasa la saba ili asichaguliwe, sekondari isilete gharama, na njia ya kwenda mjini iwe nyeupe. Huwa tunawalaumu wazazi hao tukisikia habari zao redioni, kisha tunakwenda kwenye sherehe na kupiga vigelegele kwa ajili ya bati.

Dada anayeishi kwangu

Hapa lazima niseme kwamba mimi nina dada wa kazi. Ninaishi mjini Iringa, ninafanya kazi ya kuajiriwa, na bila yeye nisingeweza kulea watoto wawili. Anatoka Kilolo, ni mtu mzima wa miaka 24, na alianza kazi hii kwa watu wengine akiwa na miaka 13. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kusoma. Kazi ya kuamka saa kumi alfajiri na kulala wa mwisho haimo humo.

Jioni moja tukichambua mchicha nilimuuliza kama alilazimishwa. Alifikiri kidogo.

"Sikulazimishwa na mtu, mama. Ila pia hakuna aliyeniuliza."

Aliendelea kwa sauti ile ile ya kawaida. Mama mdogo wake alikuja, begi likafungwa, asubuhi yake wakapanda basi. Alidhani anakwenda kutembea. Bosi wa kwanza alikuwa mwema, wa pili alimnyima mshahara kwa mwaka mzima akidai anamtunzia. Nilipomuuliza kwa nini hakudai, alinitazama kama mtu anayejiuliza iwapo nimekulia huku kweli.

Na bado anaisifu kazi yake, na ana haki. Amemsomesha mdogo wake wa kiume hadi chuo cha ufundi. Mama yake analala kwenye godoro alilonunua yeye. Mtu akiniambia kwamba kazi za ndani ni balaa tupu nitambishia, kwa sababu nimeziona nyumba zilizosimama kwa mikono ya wasichana hawa wakati kaka zao wanacheza pool Mafinga. Sitaki makala hii isomwe kama lawama kwa yule binti wa rasta na bahasha. Alistahili vigelegele vyake. Shida yangu ni kwamba hapakuwa na mtu mwingine wa kike aliyepigiwa vigelegele siku ile kwa jambo lolote lingine. Hakuna aliyemtaja binti wa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye yuko kidato cha tano, na alikuwepo pale pale akigawa soda.

Mtoto hujifunza upesi mno ni nini kinachowafurahisha wakubwa.

Jeuri

Mashaka yangu makubwa ni haya: tukimfundisha binti kukataa, je, tumempa ulinzi au tumemwongezea hatari? Msichana anayejibu huku kwetu huitwa jeuri, na jina hilo hutembea haraka kuliko yeye. Hupigwa nyumbani. Hupungukiwa na wachumba, jambo ambalo wengine tungelicheka lakini mama yake hatalicheka. Kwenye nyumba ya bosi, anayesema "hapana" anaweza kujikuta stendi usiku bila nauli. Siwezi kumwambia mtoto wa mtu awe shujaa peke yake, wakati watu wazima waliomzunguka hawataki kumsikia.

Shangazi katika desturi zetu ndiye anayemweka binti chini na kumfunda. Nilipokuwa msichana nilifundwa na shangazi yangu mimi, mwanamke mkali na mwenye huruma, na karibu yote aliyonifundisha yalihusu namna ya kumfurahisha mtu mwingine. Mengi yamenifaa. Lakini hakunifundisha hata sentensi moja ya kumwambia mtu mzima anayenitaka jambo nisilolitaka, na nadhani ni kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kupewa sentensi hiyo.

Basi Januari, kabla shule hazijafunguliwa, nilirudi kijijini. Yule mama mgeni alikuwa ameshaondoka, na hakuondoka mikono mitupu: alipata binti mwingine kutoka kitongoji cha bondeni, ambaye watu wanasema ana adabu sana. Wifi yangu aliniambia habari hiyo kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu, au aliyepitwa na bahati. Sikuweza kutambua ni ipi.

Nilikuwa na mpango wangu. Nilimweleza kaka yangu kwamba binti aje akae kwangu Iringa, asome mjini, na jioni awe ananisaidia kazi ndogondogo na watoto. Kaka alifurahi. Wifi alifurahi. Jambo likaonekana limekwisha, kisha nikakumbuka maneno ya dada wa Kilolo, nikamwita binti mwenyewe. Alikuja, akapiga goti, akatoa shikamoo. Nikamuuliza anaonaje.

Alinyamaza muda mrefu huku akikwaruza sakafu kwa kidole.

"Hapana, shangazi. Nataka hosteli, na wenzangu."

Baba yake alikohoa kwa hasira. Wifi yangu akaanza kuniomba radhi kwa niaba yake. Nami, pamoja na yote niliyokuwa nikiyawaza kwa wiki hizo, nilihisi uso ukinipata joto, kwa kuwa nilikuwa nimetoka mbali kumletea jambo jema na mtoto wa miaka 14 amelikataa mbele ya watu. Nilimuuliza sababu. Alisema kwamba kwangu kuna watoto wadogo, na dada wa kazi akienda likizo kazi zote zitakuwa zake, hatasoma. Alisema hivyo bila kuniangalia, lakini alisema.

Alikuwa sahihi kabisa.

Tulikubaliana kuhusu hosteli: magunia ya mahindi na debe la maharage ni juu ya baba yake, godoro na michango ya fedha ni juu yangu. Kaka yangu alinisindikiza hadi barabarani, na njiani akaniambia kwamba nikimfundisha mtoto kukataa, nijiandae kwa siku atakapokataa jambo ambalo mimi ndiye ninayeliona la maana kuliko yote, kama vile shule yenyewe. Sina uhakika kwamba amekosea. Nilimjibu kwamba siku hiyo ikifika tutakaa naye tumuulize sababu, kama tulivyofanya leo. Alisema kwamba leo nimeuliza mimi, si sisi. Kisha basi likafika, akanipandishia gunia la viazi, akanikumbusha kupitia dirishani kwamba fedha ya hosteli inatakiwa kabla ya Jumatatu.